Chozi, Kasuku na Kioo cha Mjomba

Ilianza Jumanne ya wiki ya pili ya likizo ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu nililala na simu ya bibi chini ya mto, na kelele iliyoniamsha nilidhani ni yenyewe inatetemeka, nikaitazama. Haikuwa simu. Kuna kitu kilikuwa kinagonga kioo nje barazani. Tak, tak, tak-tak, kinanyamaza kidogo, tak tena. Na nyumba ya bibi haina dirisha la kioo hata moja, yote ni ya mbao.

Nikajifunga kanga nikatoka. Mwezi wa sita Newala asubuhi ni baridi hasa, sisi wa Masasi tukipanda huku juu tunavaa sweta wenyeji wanatucheka. Ukungu ulikuwa umelala uani, mkorosho ulio karibu na tangi la maji ya mvua ulionekana nusu, kama mtu aliyejifunika shuka. Tundu la kasuku lilikuwa linaning'inia kwenye boriti ya baraza kama kawaida, na kasuku mwenyewe amejibanza pembeni, manyoya yamemsimama. Kwenye nguzo, pale mjomba alipofunga kioo, kulikuwa na ndege mdogo mweusi. Ameng'ang'ania mkono wa chuma wa kile kioo, anapigana. Anarudi nyuma, anapiga, anateleza, anapanda tena.

Nilisimama mlangoni sikupumua. Jua likapenya mahali, yule ndege akageuka, na kifua chake kikawaka. Sijui niseme ni nyekundu gani. Ya kanga siyo, ya pilipili siyo. Ni nyekundu yenye mwanga ndani yake, kama kaa mtu akilipuliza. Kwenye paji na chini ya kidevu akawa na kijani, akageuza shingo, kijani kikazimika kikawa cheusi, akageuza tena kikarudi. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kuwe na mtu wa kumwita aje aone, mimi ambaye kila siku natamani watu waondoke.

Ngoja nieleze. Sisi kwetu ni Masasi, Mkomaindo, na nasoma huko kidato cha tatu. Likizo mama hunipeleka kwa bibi, yaani mama yake, kumsaidia kuvuna mbaazi. Safari hii alinipakia mjomba kwenye pikipiki yake. Mjomba ni kaka yake mama, ni bodaboda, na kwetu sisi Wamakonde mjomba si mtu wa kujibizana naye. Akisema kaa, unakaa. Mimi kwa wengine pia huwa sijibizani. Siongei. Si kwamba sina la kusema, ninalo jingi mpaka kichwa kinauma, lakini likifika kooni linarudi. Darasani nikiulizwa swali najua jibu na ninakaa kimya, na mwalimu anamwuliza mwingine, na mwingine anakosea, na mimi ninaumia. Ndivyo nilivyo.

Huyo kasuku bibi alimwokota shambani, chini ya mkorosho, bawa limevunjika. Watoto wenye manati walimpiga wakakimbia. Bibi akamfunga bawa kwa kipande cha kanga, likaunga lakini likaunga vibaya, na kuruka haruki tena. Ni kasuku wa huku huku, wa kijani, kichwa cha kahawia kama amepakwa udongo, na akinyanyua bawa lile zima chini yake ni manjano kabisa, utadhani ameficha nguo ya sikukuu. Kila anayepita anamwambia aseme. "Kasuku, sema shikamoo! Kasuku, sema karibu!" Wengine wakamjaribu kwa Chimakonde. Wapi. Kasuku wa aina hii, mwalimu wetu wa Biolojia alishatuambia, si wepesi wa kuiga maneno ya watu. Ila nani atamwambia jirani? Jirani yetu, mama mmoja anayechemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, na kuiuza barabarani, alisimama uani siku ile nafika, akamtazama kasuku, akanitazama mimi na begi langu, akamwambia bibi:

"Haya, sasa una mabubu wawili."

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. "Hawa watasikilizana," akasema. "Hawatagombania zamu ya kuongea."

Kabla ya kile kioo, kasuku alikuwa anakufa. Sisemi kwa kuongeza chumvi. Bibi anashinda shambani, nyumba iko kimya, na kasuku alianza kujinyonyoa kifuani mpaka ngozi ikaonekana, ya kijivu, yenye vipele. Karanga aliziacha. Mtama aliuacha. Alishuka kwenye fito akakaa chini sakafuni mwa tundu. Mjomba akaja, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Huyu ana upweke. Mnamfungia peke yake kama mahabusu." Alikuwa na kioo cha pembeni cha pikipiki kilichovunjika kwenye shina, akakifunga kwa waya kwenye nguzo, kikitazamana na tundu. Kasuku akajiona. Bibi anasema alipanda kwenye fito polepole kwa mdomo na miguu, akasogea mpaka karibu na waya, akainamisha kichwa. Jioni ile akala karanga. Mjomba akawa shujaa. Kijiweni wenzake wakamwita daktari wa ndege, na yeye akalipokea jina.

Kwa hiyo kioo kile kilikuwa dawa. Na asubuhi hiyo ya Jumanne nikaona ndege mwingine anapigana nacho kama adui.

Nilimtambua. Ni chozi, dume. Mwalimu alitupa kazi ya likizo: chagua ndege wawili, watazame kwa macho yako, uandike wanafanana wapi na wanatofautiana wapi. Mimi nilikuwa nimemwandikia kwamba nachagua kasuku na yule ndege wa Amerika niliyemwona kwenye kitabu, yule mdogo anayeelea mbele ya ua huku mabawa yanavuma kama nyuki. Mwalimu akaniuliza mbele ya wote, "Huyo hayupo Afrika nzima. Utamtazama kwa macho gani, ya kuazima?" Darasa likacheka. Halafu akasema chozi ndiye wetu wa kunywa maua, nimtafute chozi. Sasa chozi alikuwa amenitafuta yeye.

Basi nikaanza kukaa barazani. Bibi aliondoka shambani mapema, akaniachia uji na mbaazi za kupepeta, na mimi nikapepeta huku natazama. Nilidhani ningepata mistari michache ya kumpelekea mwalimu. Badala yake nilikuwa napepeta hewa, mbaazi zinamwagika chini.

Kasuku ana mkono. Najua ni mguu, lakini mtazame anavyoshika karanga: vidole viwili mbele, viwili nyuma, anaileta mdomoni kama mtu anavyokula hindi, anaigeuza kwa ulimi. Ule ulimi ni mnene, mkavu, wa mviringo, kama ncha ya kidole gumba cha mtoto. Anatafuta mshono wa ganda, anabana mara moja, ganda linafunguka pande mbili, ile ngozi nyekundu ya karanga anaimenya pia na kuitema. Mimi mwenyewe siimenyi. Akitaka kupanda anashika waya kwa mdomo kwanza, ndipo miguu inafuata, kwa hiyo ana miguu mitatu ukipenda. Hana haraka. Kila kitu anakifikiria.

Chozi ni kinyume. Bibi ana mpapai dume pembeni ya jiko, hauzai, lakini mwenyewe haukati kwa sababu maua yake yananukia usiku. Chozi anaingiza mdomo ule uliopinda kama sindano ya kushonea mikeka, na ulimi wake niliuona mara moja tu, ulitoka kama uzi wa mate. Ua moja, jingine, jingine, hata kuhesabu huwezi. Mara nyingi anatua ndipo anywe. Lakini kulikuwa na buibui kwenye utando chini ya paa la jiko, mahali hapana pa kutua, na niliona akisimama hewani. Jamani. Alisimama hewani mbele ya utando, mabawa hayaonekani, mwili umetulia kabisa kama umetundikwa msumari, akamchomoa buibui katikati akaondoka. Niliacha ungo. Nilisimama pale nikitazama utando umetoboka, nikasema kwa sauti "Subhanallah," na kasuku akageuza kichwa kunitazama. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza alisikia sauti yangu.

Na wote wawili ni ndege. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote, na sijui kama mwalimu atalikubali kama jibu. Mmoja anavunja maganda, mwingine anakunywa jua. Kasuku dume na jike siwezi kuwatenganisha, chozi jike ni wa kahawia, wa madoadoa, unaweza ukampita ukidhani ni jani kavu. Kasuku wa porini wanapita juu yetu jioni wakirudi kutoka bondeni, kundi zima, wanapiga kelele kama wanafunzi wakitoka shule, na hakuna anayetaka kukaa peke yake. Chozi dume hataki kumwona chozi dume mwenzake hata kwa mbali. Na kioo ni kile kile kimoja. Kasuku akikitazama anaona mwenzake, anasogea, ananong'ona kwa sauti ndogo ya koo. Chozi akikitazama anaona mtu aliyekuja kumnyang'anya.

Alipigana Jumanne. Alipigana Jumatano, tangu kunapambazuka. Alikuwa akienda kwenye mpapai, anakunywa kidogo, anarudi mbio kuhakikisha yule mwingine yupo, na yule mwingine yupo siku zote. Alhamisi niliona manyoya madogo meusi sakafuni, na moja jekundu. Na siku hiyo ndiyo niligundua kiota.

Kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo, ile isiyotumika, nyuma ya jiko. Nilikuwa nimekiona kila siku nikakidhani ni takataka iliyopeperushwa na upepo ikanasa: majani makavu, nyuzi za buibui, na kipande cha karatasi ya pipi. Jike akaingia ndani, kikatikisika, akatoka. Nikapanda juu ya kinu nikachungulia. Ndani kulikuwa na vinywa. Sikuona macho wala mabawa, niliona vinywa viwili vya rangi ya chungwa, vimefunguka kabisa, vinatetemeka kwa njaa. Nilitamani kulia na sikujua kwa nini. Nikakaa mbali kuhesabu nani analeta chakula. Mama tu. Mama, mama, mama tena. Baba alikuwa barazani anapigana na kioo.

Ijumaa asubuhi yule dume akaanguka. Nilisikia tak, halafu kitu kama kitambaa kinadondoka. Alikuwa sakafuni, kifudifudi, mabawa yamefunguka. Nikamwokota. Uzito sikuuona, naapa, ni joto tu na mtetemo, kama nimeshika mlio wa kitu na siyo kitu chenyewe. Moyo wake haukuwa unadunda, ulikuwa unavuma. Nilimpeleka jikoni, nikakoroga sukari na maji ya vuguvugu kwenye kifuniko cha chupa ya soda, nikamwekea ncha ya mdomo. Kwanza hakufanya kitu. Halafu ule uzi ukatoka, ukaingia, ukatoka, ukaingia, na maji yakapungua mbele ya macho yangu. Akafungua jicho. Jicho jeusi, dogo kuliko punje ya pilipili manga, na lilikuwa linanitazama mimi kweli. Nilivyofungua kiganja alikaa kidogo kama amesahau kuwa anaweza kuruka. Akaruka. Akaenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Huyu atajiua," bibi akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na jembe, bado hajaondoka. "Toa hicho kioo, mke mwenzangu." Bibi huniita hivyo kwa utani, kwa kuwa babu, Mungu amrehemu, alikuwa akinisifia ugali wangu.

"Mjomba alikifunga," nikanong'ona.

"Basi kifunike."

Nikakifunika kwa kanga. Chozi akazunguka mara mbili akaenda zake. Nikafurahi, nikaenda kuosha vyombo. Kasuku akaanza kupiga kelele. Sauti yake ni ya kukwaruza, inaingia mpaka kwenye jino. Alipiga, akanyamaza, akangoja, akapiga. Saa nne nilimkuta ameshuka sakafuni mwa tundu. Karanga hajagusa. Unyoya mmoja wa kijani ulikuwa mdomoni mwake, ameung'oa mwenyewe, na kifuani pale palipokuwa pameanza kuota vizuri pana tone la damu.

Nikafunua kioo. Akapanda. Na chozi akarudi.

Nilijaribu kumwingiza kasuku ndani, na kioo chake. Ndani kwa bibi mchana ni giza na moshi, alilia mpaka mama wa ming'oko akaja kuuliza tunachinja nini. Nikasema, "Hapana." Ndilo neno pekee lililotoka. Akatazama tundu, akatazama kioo, akanitazama mimi niliyekuwa natokwa jasho. "Wewe mtoto unataka nini hasa?" akauliza, na hakuwa na ubaya. Nilitaka kumweleza yote. Nilitaka kusema nikikiacha kioo, chozi atakufa na watoto wake watabaki na mama anayekimbia peke yake. Nikikitoa, kasuku atajinyonyoa afe. Na kioo si changu. Nikasema, "Sijui."

Alasiri mjomba akaja. Siku hizo alikuwa akibeba mifuko ya salfa, ile dawa ya unga wa manjano, kuwapelekea wakulima, maana mikorosho inaanza kutoa maua na ukichelewa kupulizia, ugonjwa wa ubwiriunga unaimaliza. Pikipiki yake ilikuwa ya manjano, yeye wa manjano, nyusi za manjano.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mgonjwa wangu hajambo?" Akaenda kwa kasuku. "Unaona? Ananenepa! Mwambieni daktari mwenyewe kapita." Chozi alikuwa pale pale, akaruka mita mbili, akarudi. Mjomba akacheka. "Na huyu naye amekuja hospitali?"

Bibi alikuwa anamenya muhogo. Angeweza kusema yeye. Alinitazama tu, akaendelea kumenya. Nilimchukia kidogo wakati ule, nasema ukweli.

"Mjomba," nikasema.

"Naam."

Niliangalia miguu yangu. Nikasikia tak, tak, na sauti ile ndiyo iliyonisukuma, kwa sababu kila tak nilijua ina maana gani sasa.

"Mjomba, naomba utoe kioo."

Akageuka kabisa. "Nini?"

"Kioo. Chozi anadhani ni dume mwenzake. Ana watoto nyuma ya jiko, hawalishi. Asubuhi alizimia. Naomba ukitoe."

"Kumbe una sauti!" Akamgeukia bibi. "Mama, mtoto ana sauti, mlikuwa mmeificha wapi?" Halafu akaacha kucheka. "Nilimkuta huyu kasuku yuko chini, unajua hilo? Kilichomnyanyua ni kioo. Nikikitoa akifa, amekufa juu ya nani?"

Hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Juu yangu," nikasema.

"Utamfanyaje?"

"Nitakaa naye mimi. Badala ya kioo."

"Wewe? Huyu anataka maneno, mpwa wangu. Anataka mtu wa kumjibu. Wewe mwenyewe nimekupakia kutoka Masasi mpaka hapa, milima yote ile, hukusema hata 'punguza mwendo'."

"Niliogopa."

"Uliogopa mwendo au uliogopa kusema?"

"Vyote."

Bibi akapasuka kucheka, ganda la muhogo likaruka. Mjomba naye akashindwa. "Na ukirudi shule?" akauliza.

"Akirudi shule mimi nitakwenda naye shambani," bibi akasema. "Nitamtundika kwenye mti nivune naye. Mdomo ninao. Nilikuwa nashindwa kubeba tundu zito lile. Wewe daktari mtengenezee jepesi."

Mjomba alichukua plaizi kwenye boksi la pikipiki, akakata waya, akakiweka kioo mfukoni. Nguzo ikabaki nguzo.

Chozi alikuja. Alitua pale waya ulipokuwa, akatazama mbele, akatazama nyuma ya nguzo, akapanda juu ya tundu akatazama kutoka juu. Hamna mtu. Akavimbisha kifua chote kikawa kama ua limefunguka, akaimba. Siku zote zile sikuwahi kumsikia akiimba, alikuwa hana nafasi. Wimbo wake ni mdogo, wa haraka, unapanda na kushuka, na alivyoimba unyoya wa kifua ulikuwa unatetemeka, nyekundu inawaka na kuzima. Mjomba alikuwa amekwishashika helmeti. Akabaki ameishika tu. Jua lilikuwa linashuka, na baadaye kidogo, tukiwa bado tumesimama kama watu waliopigwa picha, yule dume alipita mbele yetu na kitu cha miguu mirefu mdomoni, akazunguka jiko. Nikakimbia nikachungulia. Kiota kilitikisika. Akatoka, akaenda, akarudi tena.

Lakini kasuku alikuwa ameshuka chini.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu na tundu. Sikujua mtu anamwambia nini kasuku. Nikaleta daftari la Biolojia nikamsomea: aina za tishu, kazi za mizizi. Alinipa mgongo. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka shamba, njia inapita hapo hapo mbele ya baraza, na mama wa ming'oko akasimama.

"Anasoma kidato gani huyo?"

Uso ukaniwaka. Zamani ningeingia ndani. "Cha tatu," nikajibu, "ila hajafanya kazi ya likizo."

Wakacheka, wakapita. Nikaacha daftari. Nikaanza kumweleza kasuku vitu vyangu. Kwamba darasani najua majibu. Kwamba nikiitwa mbele mikono inakuwa baridi. Kwamba nilimwona ndege akisimama hewani na hakuna niliyemwambia. Niliongea mpaka koo likakauka, niliongea maneno ambayo sikujua ninayo, na giza lilipokuwa linaanza nikahisi waya unatikisika. Alikuwa amepanda. Mdomo, mguu, mguu. Alisogea upande wangu, akainamisha kichwa cha kahawia mpaka kikagusa waya, manyoya ya shingo yamefunguka, akangoja. Nikaingiza kidole. Chini ya yale manyoya ngozi ni ya moto na laini kama ya mtoto. Nikamkuna. Akafumba macho, kope lake linapanda kutoka chini, akanong'ona ile sauti ya koo ambayo alikuwa akikipa kioo.

Sikuthubutu kutoa kidole mpaka bibi aliponiita kula.

Kesho yake asubuhi niliamka kwenda kuteka maji kwenye tangi. Nilimpitia kwanza kasuku, nikamwambia nakwenda wapi, nikampa karanga, akaipokea kwa ule mkono wake. Tangi liko nyuma ya mkorosho, ukiwa pale baraza huioni, na ukungu ulikuwa mzito. Nilikuwa sijafungua hata koki kasuku akaanza kuita. Ile sauti ya kukwaruza, mara moja, kisha kimya cha kungoja. Nilijua akingoja sana bila jibu atashuka chini. Nikaweka ndoo.

"Nipo!" nikapaza sauti. "Nipo huku kwenye tangi!"

Akaita tena.

"Nakuja! Nateka maji tu, ndoo haijajaa!"

Huko ng'ambo ya michongoma, ndani ya ukungu, mama wa ming'oko akajibu, "Haya, tumesikia sote!" na mtu mwingine akacheka.

Nikaendelea kumwambia kasuku, kwa sauti ile ile kubwa, maji yamefika wapi kwenye ndoo.